Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu: Kifaransa cha watoto kinahitaji vitabu vya picha

Waheshimiwa watunga mitaala, wakuu wa shule, na ninyi nyote mnaotia sahihi kwenye bajeti za vitabu,

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa Kifaransa wa shule ya msingi. Uamuzi wa kuanza somo hili mapema mlikwishaufanya, nami naufurahia, kwa hiyo sitawachosha na sababu za kufundisha Kifaransa. Ombi langu linahusu njia. Naomba vitabu vya hadithi vya picha viingie rasmi katika ufundishaji wa lugha hii: viwe na kipindi kwenye ratiba, fungu kwenye bajeti na nafasi kwenye mtihani.

Kwa sasa vimewekwa pembeni. Mwalimu aliye navyo huvisoma mwishoni mwa wiki ya masomo, kama muda umebaki. Mkaguzi akigonga mlango, mwalimu hukifunga kitabu cha hadithi na kurudi ubaoni, kwa sababu amezoea kuambiwa kwamba hadithi ni burudani na kazi yenyewe ni msamiati. Mimi naamini hadithi ndiyo kazi yenyewe, na nataka kueleza kwa nini.

Fungueni kitabu cha kiada cha Kifaransa cha mwaka wa kwanza. Mtakuta mada ya rangi, mada ya wanyama, mada ya viungo vya mwili, mada ya vitu vya darasani. Kila mada ina ukurasa wa vipicha na jina chini ya kila kipicha. Watoto wanasoma kwa pamoja le chat, le chien, la vache, la souris (paka, mbwa, ng'ombe, panya), wanayanakili daftarini, wanayakariri, na kwenye jaribio wanayaunganisha na picha kwa mstari. Alama zinapatikana. Kisha mwulize mmoja wao, kwa Kifaransa, paka yuko wapi. Ananyamaza. Hana kitenzi, hana kihusishi, hajawahi kusikia swali hilo likiulizwa na mtu aliyetaka kweli kujua paka yuko wapi. Tumempa shanga bila uzi.

Sasa fikirieni kitabu cha picha cha kurasa ishirini hivi. Mtoto anamtafuta paka wake nyumba nzima. Kila ukurasa una swali lile lile, Où est le chat? (Paka yuko wapi?), na kila ukurasa una jibu la kukatisha tamaa: Il n'est pas sous le lit. Il n'est pas dans l'armoire. Il n'est pas derrière la porte. Yaani hayuko chini ya kitanda, hayuko kabatini, hayuko nyuma ya mlango. Maneno yenyewe ni machache. Lakini mchoraji amefanya jambo ambalo mwandishi hakulisema: kwenye ukurasa wa mlango, ncha ya mkia inaonekana. Mhusika haioni. Darasa zima linaiona.

Hapo ndipo Kifaransa kinapozaliwa. Watoto hawawezi kuvumilia. Wanataka kumwambia yule mtoto wa kitabuni kwamba amekosea, na wamekwisha kuyasikia maneno ya kumwambia, kwa sababu sentensi imerudiwa ukurasa baada ya ukurasa. Mwalimu anawapa kineno kimoja tu walichopungukiwa, Si!, linalotumika kumkanusha anayekana, na darasa linapaza sauti: Si! Il est derrière la porte! Wametunga sentensi kamili, yenye kiwakilishi, kitenzi, kihusishi na nomino yenye kibainishi chake sahihi. Hakuna aliyetaja neno kihusishi. Hakuna aliyeuliza derrière ni nini, maana mkia uko pale wanauona.

Ningependa msome tena aya hiyo mkiwa na kitabu cha kiada mkononi na mjiulize ni zoezi gani ndani yake linalompa mtoto sababu ya kusema kitu. Mazoezi yanampa mtoto maneno ya kusema. Picha inayojua zaidi ya maandishi humpa sababu ya kuyasema, na kwa mtoto wa miaka minane au tisa sababu hiyo ina nguvu kuliko alama yoyote.

Kuna jambo la pili, la sauti, ambalo walimu wa Kifaransa tunalijua kwa uchungu. Mtoto anayetoka katika lugha inayoandikwa jinsi inavyotamkwa, kama Kiswahili, ana mazoea mema ya kuisoma kila herufi. Kifaransa kinamwadhibu kwa mazoea hayo. T ya petit haisikiki. Ya petite inasikika. Katika ils parlent, herufi tatu za mwisho ziko kimya. S ya les haitamkwi katika les chats, lakini katika les amis inafufuka na kuungana na irabu inayofuata. Kisha kuna irabu zinazopitia puani: bain, bon na banc ni maneno matatu tofauti, na sikio lisilozoeshwa linayasikia kuwa moja. Rue na roue, ingawa irabu zake hazipitii puani, nayo husikika kuwa moja vilevile. Mtoto akikutana na neno kwanza kwa macho, ubaoni, atalitamka kama lilivyoandikwa, na tamko hilo litamng'ang'ania hadi sekondari. Nimewapokea wanafunzi wengi wa namna hiyo na kuwasahihisha ni kazi nzito kuliko kuwafundisha upya.

Kitabu cha picha kinachosomwa kwa sauti kinageuza mpangilio huo. Sikio linatangulia, jicho linafuata. Mtoto anasikia une poule blanche na un chien blanc mara nyingi, ndani ya kiimbo cha sentensi halisi, akiwa anatazama kuku na mbwa badala ya herufi. Siku atakapoonyeshwa maandishi, sauti sahihi iko tayari masikioni, na herufi zinakuja kuipokea. Hata suala la jinsia ya nomino, yaani ipi huchukua le ya kiume na ipi la ya kike, ambalo vitabu vya kiada hulieleza kwa kanuni na kisha kurasa za vighairi, huingia kwa mlango huu. Anayesikia la souris mara nyingi kwenye hadithi anayoipenda hatawahi kusema le souris, na hatajua ni nani aliyemfundisha.

Wazo hili si geni wala si la mitindo ya leo. Mwaka 1658, mjini Nuremberg, mwalimu kutoka Moravia aitwaye Comenius alichapisha kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto Kilatini. Kila sura ilikuwa na mchoro, vitu ndani ya mchoro vilipewa namba, na namba hizo zilirudi kwenye maandishi. Kinachonigusa zaidi ni kwamba maandishi yale yalikuwa sentensi. Comenius hakuwaachia watoto majina matupu chini ya vipicha. Vitabu vyetu vingi vya leo, pamoja na rangi zake zote, viko nyuma ya hapo.

Ufaransa nayo ilikuwa na mjadala wake. Mwaka 1931 Paul Faucher, kupitia kampuni ya uchapishaji ya Flammarion, alianzisha albamu za Père Castor: vitabu vya picha vyepesi, vya jalada laini na bei nafuu, wakati ambapo vitabu vizuri vya watoto vilikuwa vikubwa, vya jalada gumu, na vya kuwekwa kabatini. Mwaka 2002 wizara ya elimu ya nchi hiyo iliingiza fasihi ya watoto katika mtaala wa shule za msingi na kuwapa walimu orodha ya vitabu vya kuchagulia, albamu za picha zikiwemo. Kama watoto ambao Kifaransa ndiyo lugha ya nyumbani kwao wanahitaji hadithi ili kukijua vizuri, sielewi ni kwa hoja gani wanaokikuta darasani tu wangeweza kukijua bila hizo.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la kuchagua, kwa sababu hapa ndipo mipango mizuri huharibika. Likitolewa agizo la "nunueni vitabu vya picha vya Kifaransa" bila maelezo, shule zitajaza rafu kwa vitabu visivyosomeka, na baada ya mwaka mtaambiwa kwamba njia yenyewe imeshindwa.

Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto Mfaransa wa miaka mitano huonekana chepesi. Mara nyingi si chepesi. Huyo mtoto ana miaka mitano ya kusikia Kifaransa kuanzia asubuhi hadi usiku. Hadithi zake hutumia passé simple, wakati uliopita wa kimaandishi ambao watu hawautumii wanapozungumza: il s'en alla, elle répondit. Mwanafunzi wetu hana haja nao kwa miaka mingi ijayo. Hutumia pia mizaha ya kuchezea sauti na misemo ya nyumbani ambayo hata mwalimu atahitaji kamusi. Kwa hiyo kigezo cha kwanza kiwe lugha: wakati uliopo, sentensi fupi, na muundo mmoja unaorudi kama kibwagizo.

Lakini tukishuka sana tunaangukia shimo la pili. Vitabu vyenye sentensi fupi kuliko vyote ni vya watoto wachanga: mpira, kijiko, usiku mwema. Mpe mwanafunzi wa miaka kumi kitabu hicho na utaona anavyoinamisha uso. Ana akili ya miaka kumi. Anafuatilia visa vya hatari, ukweli na uongo, urafiki unaovunjika. Kifaransa chake tu ndicho kichanga. Vitabu vinavyomfaa ni vile ambavyo maandishi ni rahisi na picha ni ngumu: michoro yenye siri, yenye kichekesho, yenye hisia ambazo maneno hayakuzitaja. Na vipo vitabu vya picha visivyo na neno hata moja. Hivyo ni hazina kwa darasa la lugha. Mwalimu anaweza kukisimulia kwa sentensi tano katika darasa la tatu na kwa sentensi thelathini katika darasa la sita, kisha wanafunzi wakaandika maandishi yao wenyewe chini ya kila picha. Kama fedha ni kidogo, ningeanzia hapo.

Vipo pia vitabu vinavyotungwa mahususi kwa wanaojifunza lugha, maneno yakiwa yamehesabiwa kwa ngazi. Vingine ni vizuri. Vingi vina kasoro moja: hakuna kinachotokea. Mtoto anakwenda sokoni, ananunua matunda manne, anarudi nyumbani. Hakuna mtoto atakayeomba hadithi hiyo irudiwe, na kurudia ndiko kunakofundisha. Kwa hiyo kipimo changu cha mwisho, ambacho ningependa kiandikwe kwenye mwongozo wenu, ni hiki: je, watoto wataomba kisomwe tena?

Naja kwenye namna ya kusoma, maana kitabu kizuri kinaweza kuuawa na usomaji mbaya. Usomaji unaoua ni ule wa kutafsiri kila sentensi mara tu inapotamkwa. Mtoto hujua baada ya dakika mbili kwamba maana inakuja kwa lugha yake, basi hufunga masikio Kifaransa kinapopita na kuyafungua tafsiri inapofika. Lugha yake ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni kabla na baada. Kabla ya kufungua, tazameni jalada pamoja na mwache darasa libashiri kwa lugha yoyote: ni nani huyu, ana nini usoni, kitatokea nini. Kisha soma hadithi yote bila kukatiza, polepole, kidole kikionyesha, uso na mikono vikisaidia. Hawataelewa yote na haidhuru. Mara ya pili, simama kabla ya neno la mwisho la kibwagizo uwaachie walimalizie. Mara ya tatu utagundua kwamba huhitaji kusimama, wamekwisha kuingia. Baada ya hapo waigize, wapange kurasa zilizochanganywa, wabadilishe mnyama na mahali, na hatimaye watengeneze kitabu chao. Kitabu kimoja kinaweza kubeba wiki tatu au nne za masomo. Nasisitiza hilo kwa wanaohofia gharama: hatuhitaji vitabu mia. Vitabu sita au saba vilivyochaguliwa kwa uangalifu vinatosha mwaka mzima wa darasa moja, na mwaka unaofuata vinasubiri darasa jingine.

Najua mtakachosema kuhusu wingi wa wanafunzi. Kitabu cha kawaida mkononi mwa mwalimu hakionekani kutoka dawati la nyuma, na mtoto asiyeona picha anasikia kelele tu. Ni kweli, na hoja hii inahitaji jibu la vitendo. Katika miaka ya 1970 Don Holdaway na walimu aliofanya nao kazi New Zealand walikuza vitabu vya hadithi hadi vikawa vikubwa kiasi cha kusomwa na darasa zima kwa pamoja. Wajapani wana kamishibai, iliyotumiwa na wasimulizi wa mitaani katika miaka ya 1930: kadi kubwa za picha ndani ya fremu ya mbao, maandishi yakiwa nyuma ya kadi upande wa msomaji, hivyo msimulizi haondoi macho yake kwa wasikilizaji. Fremu hiyo fundi seremala yeyote anaweza kuitengeneza. Njia ya tatu ni kuligawa darasa, nusu wakichora au kuandika na nusu wakiwa wameketi karibu na kitabu. Hakuna hata moja kati ya hizi inayohitaji umeme.

Ninachowasihi msikubali ni kivuli. Namaanisha ile fotokopi ya rangi moja ambayo shule nyingi hugawa badala ya kitabu. Nimeona somo la rangi likifundishwa kwa karatasi ya kijivu, mwalimu akisema rouge na vert mbele ya watoto wasioona nyekundu wala kijani. Zaidi ya hayo, kazi za wachoraji zinalindwa na haki miliki, na wizara inayofundisha watoto wasiibe haipaswi kuwafundishia kwa kurasa zilizonakiliwa bila ruhusa.

Hoja nyingine husemwa kwa sauti ya chini: kwamba walimu wetu wa msingi wenyewe hawana Kifaransa cha kutosha. Wengi wanafundisha masomo yote na walikisoma Kifaransa zamani. Mimi naona kwamba hao ndio wanaohitaji kitabu cha picha kuliko wote. Mwalimu asiyejiamini akiambiwa "zungumza Kifaransa darasani" huishia kwenye bonjour na asseyez-vous. Akipewa hadithi, ana sentensi sahihi mkononi, zilizokwisha kuandikwa na anayeijua lugha. Mpeni pamoja nayo rekodi ya sauti ya msomaji mzuri. Aisikilize nyumbani, asome kwa sauti peke yake hadi ulimi uzoee, aweke alama pale pa kupumua. Mwalimu huyo anajifunza pamoja na wanafunzi wake, na kila hadithi anayoimudu inabaki yake.

Hilo linahitaji mafunzo, na mafunzo ya sasa hayaligusi. Semina za walimu wa lugha hujaa namna ya kuandika andalio la somo na kujaza azimio la kazi. Sijawahi kuhudhuria semina ambamo tulifundishwa kusoma kwa sauti: kupandisha na kushusha kiimbo, kunyamaza kabla ya kugeuza ukurasa, kumbadilishia mbwa mwitu sauti. Siku mbili za mazoezi ya namna hiyo, walimu wakisomeana na kusahihishana, zingebadilisha madarasa mengi kuliko mwongozo wowote uliochapishwa.

Mwisho kuna mtihani, na hapo ndipo mlipo na nguvu kuliko sisi. Walimu watafundisha kinachopimwa. Karatasi ikiendelea kumtaka mtoto aunganishe neno na kipicha, tutaendelea kukaririsha maneno hata mkitujazia maktaba. Mifano ya kupima vizuri ipo. DELF Prim, mtihani wa Kifaransa wa watoto wa umri wa shule ya msingi katika ngazi za mwanzo za lugha, A1.1, A1 na A2, hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na hufanya hivyo kwa picha na matukio yanayoeleweka na mtoto. Nasi tunaweza kumwonyesha mwanafunzi picha nne za kisa asichowahi kukiona na kumwomba asimulie. Dakika tatu kwa kila mtoto, mwalimu wake akiwa mpimaji. Najua usimamizi wake ni mgumu kuliko karatasi ya kuchagua A, B, C. Lakini karatasi ile haitwambii kama mtoto anaweza kusema lolote.

Kwa hiyo naomba haya kabla mwongozo wa mwaka ujao haujapelekwa kiwandani. Undeni kikundi kidogo chenye walimu wanaofundisha sasa hivi, wala si wataalamu peke yao, kitengeneze orodha ya vitabu vya picha vya Kifaransa kwa kila darasa, kwa vigezo vinavyoeleweka. Tengeni kipindi kimoja cha kila wiki kwa ajili ya kusoma hadithi, kiandikwe kwenye ratiba kwa jina lake ili mwalimu asikifiche. Hamisheni sehemu ya fedha za vitabu vya mazoezi, ambavyo hujazwa mara moja na kutupwa, ziende kwenye vitabu vinavyodumu. Rekodini hadithi hizo kwa sauti na mzisambaze shuleni. Na kama mnataka kujaribu kwanza, jaribuni katika shule chache kwa mwaka mzima, muwapime watoto kwa kuwasikiliza wakizungumza, kisha mtangaze matokeo hata yasipoupendeza upande wangu.

Mimi niko tayari kufanya kazi hiyo bila posho, baada ya saa za masomo, na najua walimu wenzangu walio tayari vilevile. Mkiniita nitakuja na vitabu vyangu, nisome kimoja mbele yenu, na tuanze kukijadili ukurasa kwa ukurasa.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kifaransa, shule ya msingi